KUSOMEA KUKU CHUO KIKUU?

Ndugu zangu, kwetu Katubuka, hapa Kigoma mwisho wa reli, kuna kozi za kupigiwa vigelegele na kuna kozi za kuchekwa. Ukisema umechaguliwa udaktari au sheria, majirani watakuja kumpa mama hongera. Ukisema Sayansi ya Wanyama, utaulizwa: "Kuchunga nako siku hizi kuna digrii?"

Mwaka 2024 aliulizwa hivyo binti mmoja wa mtaani kwetu, aliyechaguliwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Baba yake akataka aiache nafasi ile, akae nyumbani mwaka mzima, halafu aombe kozi "yenye heshima". Binti akanifuata. "Kaka, wewe mwandishi wa habari, baba anakusikiliza. Njoo uongee naye."

Nikaenda jioni. Baada ya shikamoo na kahawa, mzee akanitangulia: "Mwanangu, mimi nimevua miaka thelathini bila kusomea samaki. Huyu akasomee kuku ambao mama yake anawafuga hapo uani?"

Swali zuri. Tatizo ni kwamba mwaka ule ule, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu mzee alikaa nchi kavu. Nyumba ile ilikula kwa mayai ya mama. Na mama alikuwa analalamika: chakula cha kuku ghali, na kuku wenyewe leo wanataga, kesho hawatagi.

Nikamwambia mzee, hapo ndipo kozi yenyewe ilipo. Watu wengi wanaichanganya na udaktari wa mifugo. Daktari wa mifugo pale SUA anasoma miaka 5, kazi yake kubwa ni magonjwa. Sayansi ya Wanyama ni miaka 3: unasoma lishe, uzazi, kuchagua mbegu, kutunza kumbukumbu na kupiga hesabu za mradi. Yaani mnyama mzima wa afya, lakini je, anakulipa?

Chukua kuku wa mayai. Chakula chake kinatakiwa kiwe na protini kama asilimia 16 hadi 18. Pungufu ya hapo mayai yanapungua. Bila madini ya chokaa ya kutosha, ganda linakuwa laini. Hata mwanga una kazi yake: kuku akipata saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku hutaga vizuri zaidi, wakati jua letu hapa linatupa kama saa 12 tu. Mama wa watu anaweza kuhangaika mwaka mzima na dawa, kumbe anahitaji taa na mizani.

Au chukua michikichi yetu. Tukishakamua mafuta ya mise kwenye kokwa, yanabaki mashudu. Ng'ombe atayafaidi, kwa sababu tumbo lake lina vyumba vinne, na kile kikubwa kimejaa vijidudu vinavyovunja nyuzinyuzi. Kifaranga hana mtambo huo, ukimjazia mashudu hayo atadumaa. Mali ni ile ile, iko hapa hapa Kigoma. Kinachotofautisha faida na hasara ni kujua umpe nani, na kiasi gani.

Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akauliza lile ambalo kila mzazi analiuliza: "Na kazi je?"

Sikumdanganya. Nilimwambia ajira serikalini hazimsubiri kila mhitimu. Lakini hata mwanasheria hazimsubiri, na mwanasheria asiye na kazi hawezi kuanzia kwenye banda la mama yake.

Aliyemaliza maneno ni mama, alikuwa kimya muda wote akichambua dagaa. "Baba Fulani, mwache mtoto aende. Mimi nimechoka kulisha kuku kwa kubahatisha."

Binti alipanda treni mwezi ule ule wa kufungua chuo. Reli ile ile iliyofika Kigoma mwaka 1914 inapita Morogoro, kwa hiyo hakuhitaji hata kubadilisha usafiri. Alikwenda kwenye chuo kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali mwaka huo huo pale Morogoro. Sokoine alikuwa mtoto wa wafugaji wa Monduli.

Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, wengi wao wa asili, wanaotoa lita chache tu za maziwa kwa siku. Halafu kijana akitaka kujua kwa nini, mtaa mzima unamcheka. Tunaona fahari kula nyama choma, tunaona aibu kumsomea mnyama aliyeitoa. Hebu tujiulize, ziwa likifungwa tena, tutamwendea nani?