Namba Moja ya Nani?

Neno "zilipendwa" lina ujanja wake. Linakwambia nyimbo zilipendwa, lakini halikwambii zilipendwa na nani, wapi, wala nani alihesabu. Ikifika Pasaka au Idi, au sikukuu yoyote iliyoangukia Ijumaa au Jumatatu ikatupa mapumziko marefu, redio zetu hulitoa neno hilo kabatini. Saa tatu za zilipendwa! Vibao 20 vilivyoshika namba moja! Nyumbani pilau liko jikoni, redio inaongezwa sauti, na hakuna anayeuliza: namba moja kwenye orodha ipi?

Mimi niliuliza kwa sababu nililazimika. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye kituo kimoja nilichofanyia kazi, nilipewa jukumu la kuandaa kipindi maalumu cha wikiendi ya Pasaka, Jumamosi na Jumapili. Mkuu wa vipindi alitaka tuhesabu kurudi nyuma, kuanzia 20 mpaka 1, na namba moja itoke Jumapili saa kumi kamili jioni, baada ya matangazo ya biashara. Nikamuuliza orodha naipata wapi. Akacheka. "Si wewe mwandishi? Itafute."

Mtindo wenyewe tumeuazima. Kule Marekani, jarida la Billboard lilianza kutoa orodha yake ya Hot 100 mwaka 1958, likiipanga kwa mauzo ya santuri na kwa jinsi nyimbo zilivyopigwa redioni. Kipindi cha American Top 40, ambacho Casey Kasem alikitangaza akihesabu kutoka 40 hadi 1, kilianza wikiendi ya tarehe 4 Julai 1970, sikukuu ya uhuru wao. Kwa hiyo redio ya kule ikitaka kurudisha vibao vya zamani siku ya sikukuu, inafungua makaratasi: wiki fulani, mwaka fulani, wimbo huu ulikuwa wa kwanza. Unaweza kubishana na orodha hiyo, lakini ipo.

Sisi Tanzania Bara, kwa miongo kadhaa kabla ya redio binafsi kuingia miaka ya 1990, tuliishi na Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilikwenda kurekodi kwenye studio yake, na wimbo ukarushwa kutoka kwenye mkanda. Aliyetaka santuri mara nyingi alivuka mpaka kwenda Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe. Sasa hapo utahesabu mauzo gani? Kilichokaribia kura kilikuwa kadi ya salamu. Mtu aliandika majina ya ndugu na jamaa, akataja wimbo anaotaka wapigiwe, akaipeleka posta. Lakini kadi ikishasomwa imemaliza kazi yake. Haikuandikwa ili ihesabiwe.

Basi nikaanza na watu. Mama, aliyekulia Tabora, hakufikiri hata sekunde. Namba moja ni Tabora Jazz, wimbo wowote wa Tabora Jazz, nyingine tupange tunavyotaka. Mjomba wangu wa Morogoro alikuja juu. "Mbaraka akiwa wa pili, mimi nazima redio." Jirani yetu pale Ilala, mtu wa Sikinde damudamu, alikuwa tayari kujadili kila kitu isipokuwa jambo moja: Msondo wasikae juu ya Sikinde, hata kwa bahati mbaya.

Nilipowasikiliza tena kwenye kinasa sauti nikaona wote wanasema kweli. Bendi nyingi za wakati ule zilibeba majina ya miji: Tabora Jazz, Morogoro Jazz. Dar es Salaam ushabiki wa Msondo na Sikinde ulikuwa kama wa Simba na Yanga. Wimbo uliongoza pale watu walipoucheza. Kumtafutia Mama na Mjomba namba moja ya pamoja ni sawa na kuwauliza shule ipi ilikuwa nzuri kuliko zote, wakati kila mmoja alisoma moja tu.

Halafu kuna nyimbo zilizopendwa ambazo redio haikuzitaka. Remmy Ongala alitunga "Mambo kwa Soksi" kuhimiza watu watumie kondomu, kipindi ambacho UKIMWI ulikuwa unatajwa kwa kunong'ona. Redio ya taifa haikuupiga. Watu waliujua vizuri tu, maana kumbi za dansi zilikuwepo na kanda zilikuwepo. Ukipanga zilipendwa kwa kutegemea maktaba ya redio peke yake, wimbo ule haumo. Na kwenye kompyuta ya studio yetu hali ilikuwa mbaya zaidi: kulikuwa na nyimbo za zamani kama 60, zilezile tunazozipiga kila sikukuu. Msikilizaji anazipenda kwa sababu anazisikia, na sisi tunazipiga kwa sababu anazipenda. Hiyo ndiyo orodha tuliyokuwa nayo, na hakuna aliyeipigia kura.

Jumamosi ile, baada ya kipindi, simu ya studio ikalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huo wimbo mliouita wa saba, gitaa la rithimu ni langu."

Nikampongeza. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Mmetaja bendi, mkamtaja na mwimbaji. Mimi nipo hapa sebuleni na wajukuu. Nimewaambia huyo ni babu yenu anapiga. Hawaamini."

Nilidhani atafika kwenye suala la hela. Hakulifikia. Nilipolianzisha mimi, alisema hela alishaacha kuzidai zamani, anachotaka ni jina. Tunayo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na mirabaha ni haki inayostahili kupiganiwa na kila aliyepiga. Lakini alichoomba mzee yule kilikuwa ndani ya uwezo wa mtangazaji mmoja mwenye kipaza sauti. Hakikuhitaji sheria wala bajeti.

Usiku ule nilikaa naye kwenye simu zaidi ya saa nzima, kalamu mkononi. Nilimtajia wimbo, yeye akanitajia watu: huyu solo, huyu besi, huyu tumba, huyu saksafoni, huyu ndiye aliyetunga ingawa hakuimba. Wengine aliwasindikiza kwa "Mungu amrehemu" na tukaendelea. Jumapili mtangazaji alisoma majina yale kabla ya kila wimbo tuliokuwa na uhakika nao. La mzee alilirudia mara mbili. Namba moja ikatoka saa kumi kamili, kama mkuu wa vipindi alivyotaka. Haikuwa ya Mbaraka, na Mjomba alizima redio kweli.

Tangu hapo, nikisikia mtangazaji anahesabu vibao vya sikukuu, namba hazinishughulishi tena. Nasikiliza majina. Mbaraka alifariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Remmy alituacha 2010, Muhidin Gurumo 2014. Hao majina yao tunayajua. Aliyepiga besi nyuma yao tunamjua? Watu wanaoweza kumtaja bado wapo, ila wanapungua, na sikukuu ndiyo siku ambayo wako nyumbani, redio imewashwa, simu iko karibu.

Kwa hiyo mwenye kipindi, tangaza namba yako ya simu kabla ya kutangaza namba moja. Na wewe unayesikiliza ukiwa na babu au shangazi sebuleni, ukiona ameinamisha kichwa kwenye wimbo fulani, punguza sauti kidogo umuulize nani anapiga gitaa hilo. Andika jina, hata ukikosea herufi. Herufi tutazirekebisha.