Karatasi ya Mkonge

Siku ya mtu ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huiuza ili apate chakula, na sehemu ya pili hujibakizia mwenyewe. Naona kuwa tabia ya mtu hujulikana zaidi kwa hiyo sehemu ya pili, kwa sababu katika ile ya kwanza yu chini ya amri, na katika hii yu chini ya mapenzi yake. Wako watu ambao baada ya kazi hucheza bao. Wako wafugao njiwa. Wako waendao ufukoni kutazama vyombo vikiingia. Mimi, niliye mwalimu wa hesabu katika mji wa Tanga, nimejaliwa kupenda kitu ambacho wengi hukikunjakunja na kukitupa bila ya kukitazama, nacho ni karatasi. Huitengeneza kwa mikono yangu, na juu yake hupiga chapa za picha nilizozichonga katika ubao. Kazi hii haijanipa fedha. Imenipa hasara mara chache, aibu mara nyingi, na mara moja imenipa jambo ambalo sikulitafuta. Jambo hilo ndilo nitakalo kulisimulia, lakini halieleweki vema bila ya yale madogo yaliyolitangulia.

Zamani nilidhani kwamba karatasi haiwezi kupatikana ila kiwandani. Vitabu vilinitoa katika ujinga huo. Nilisoma kwamba katika mwaka wa 105 mtumishi mmoja wa jumba la mfalme wa Uchina, jina lake Cai Lun, alimpelekea bwana wake habari za karatasi iliyotengenezwa kwa maganda ya miti, matambara, na nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Kutoka Uchina ufundi huo ulifika Samarkand, na kutoka huko Baghdad katika karne ya 8, kisha Ulaya baada ya miaka mingi. Siri yake ni nyepesi kuisema. Nyuzi za mmea zikipikwa, zikapondwa, zikatawanywa majini, na kisha zikaopolewa juu ya chekeche, hushikana zenyewe kwa zenyewe pasipo gundi. Niliposoma habari za nyavu kuukuu nilifunga kitabu, nikacheka peke yangu. Mtu akaaye Tanga atalia vipi kwamba hana nyuzi?

Maana Tanga ni nchi ya mkonge. Mmea huu si wa asili yetu. Uliletwa mwaka wa 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, Marekani, iliyofika na uhai ilikuwa 62 tu. Kutoka katika wakimbizi hao 62 yalizaliwa mashamba yaliyofunika mabonde na vilima, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ikaongoza dunia nzima kwa katani. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Hata hivyo mkonge haukutoweka, na mtu akienda kwa adabu kwenye mashine za kusindika, hakosi kupewa gunia la nyuzi fupi zisizofaa kwa kamba.

Gunia langu la kwanza nililipata hivyo. Nilizikata nyuzi vipande vifupi kama ukucha, nikachanganya maji na magadi, nikaazima sufuria kubwa ya mke wangu, wala sikuomba ruhusa, kwa kuwa nilitaraji kuirudisha kabla hajarudi sokoni. Hesabu naijua, lakini siku ile sikukumbuka kwamba magadi na bati la sufuria havipatani. Baada ya saa tatu za moto nyuzi zilikuwa bado ngumu kama mwanzo, na sufuria ilikuwa imegeuka nyeusi na kuingia vidonda vidogo vidogo kama uso wa mgonjwa wa ndui. Mke wangu alirudi, akaitazama, akanitazama. Hakupaza sauti. “Baba watoto,” alisema, “mimi nilidhani karatasi huuzwa dukani.” Nilinunua sufuria mpya, na tangu siku ile hupika katika pipa la chuma.

Pipa nalo lilileta mashaka yake. Kupika mkonge huchukua mchana kutwa, na mvuke wake una harufu nzito ya majani yaliyooza. Jumamosi moja, nilipokuwa nikikoroga kwa upawa mrefu, mjumbe wa mtaa wetu alibisha hodi akiwa na wazee wawili. Walisalimu kwa heshima, wakaketi, wakauliza hali ya watoto, hali ya shule, hali ya mvua, na macho yao yote sita yakiwa juu ya pipa. Mwishowe mjumbe alisema, “Mwalimu, majirani wamenusa kitu.” Nikatambua kuwa nilikuwa nimeshukiwa kupika gongo. Nilifunua pipa, wakachungulia. Niliwaonyesha kinu nilichopondea, beseni la maji yaliyofanana na uji, na kiunzi cha mbao nilichowambia wavu wa dirisha. Nilikizamisha kiunzi, nikakiinua kikiwa sawasawa, nikakitikisa kidogo kulia na kushoto, maji yakachuruzika, na juu ya wavu ukabaki utando mwembamba. Nikaulaza juu ya kipande cha blanketi. Mzee mmoja aliuinamia kwa muda mrefu, kisha akasema, “Kumbe ni kazi ya halali, lakini ina taabu kuliko ya haramu.” Walicheka, nami nikacheka, na habari ikaenea mtaani kwamba mwalimu hapiki pombe ila ameingiwa na wazimu wa kiasi. Nilishukuru, kwa sababu wazimu wa kiasi husamehewa.

Uchongaji wa chapa nilijifunza baadaye. Hunyoosha ubao wa mwembe, huchonga kwa patasi ndogo yote yanayotakiwa kubaki meupe, na huacha yamesimama yale yatakayobeba wino. Wino wangu ni masizi ya taa yaliyosagwa pamoja na mafuta ya kitani. Karatasi hulazwa juu, na mgongo wa mwiko husugua mpaka picha ihamie. Katika kusoma habari za mafundi wa zamani nilikutana na Albrecht Dürer, Mjerumani wa mji wa Nuremberg. Mwaka wa 1515 alichonga picha ya kifaru aliyeletwa Lisbon kutoka Bara Hindi. Dürer hakumwona mnyama huyo hata siku moja. Alipata barua na mchoro wa mtu mwingine. Kwa hiyo alimvika kifaru magamba kama ya askari mwenye deraya, akamwotesha pembe ndogo ya pili begani. Chapa hiyo ilitolewa nakala nyingi, na kwa zaidi ya miaka 200 watu wa Ulaya waliamini kwamba kifaru ndivyo alivyo. Nilistaajabu, lakini sikujua kwamba mimi nami ningejaribiwa kwa jambo la namna hiyo.

Mama yangu alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la mkonge. Baba yake, babu yangu, alitoka upande wa Kigoma akiwa kijana, akaja kwa garimoshi pamoja na wengine walioitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja aliandikwa kwa namba kabla ya kuulizwa jina. Mtu wa kazi hiyo alipewa kipande, yaani kadi yenye visanduku 30. Kila siku aliyotimiza kazi yake kisanduku kimoja kilitiwa alama, na visanduku vyote vilipojaa ndipo mshahara ulipotoka. Babu alijaza vipande vingi katika maisha yake. Kilichobaki ni kimoja, cha mwisho, ambacho mama alikihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti. Kilikuwa na alama 23. Siku ya 24 babu aliamka na homa, akalala miezi, na alipoinuka hakuwa tena na nguvu za kukata mkonge. Zile siku 23 hakulipwa.

Mwaka juzi mama alifungua mkebe, akakuta unyevu wa pwani na wadudu wamekula zaidi ya nusu. Alikuja kwangu na mabaki katika leso. Nilimwamkia, akaitika, akayaweka mezani. “Mwanangu,” alisema, “wewe unayetengeneza karatasi, huwezi kukiponya hiki?” Nilimwambia kwamba karatasi iliyoliwa haiponi, ila naweza kufanya mfano wake. Akasema, “Basi fanya mfano.”

Nilichonga kwa jioni kumi na moja. Safu tatu, visanduku kumi kumi, kila kimoja na tarakimu yake ndogo juu ya pembe. Nilitengeneza karatasi kwa mkonge, nikaipaka maji ya wanga wa muhogo ili isinyonye wino kupita kiasi, nikaikausha juu ya kioo. Nilipopiga chapa ya kwanza, moyo ulinishuka. Nilikuwa nimechonga kama niandikavyo, na chapa hugeuza mambo kama kioo kigeuzavyo uso. Kila safu ilianza na siku ya kumi na kuishia na ya kwanza, na tarakimu zote zilitazama nyuma. Nami ndiye nifundishaye watoto taswira ya kioo kila mwaka! Mama aliitazama karatasi ile. “Mbona siku zinarudi kinyumenyume?” aliuliza. Nilipomweleza kosa langu alinyamaza kidogo, akasema, “Laiti zingerudi.”

Nilianza upya. Safari hii nilichora kwanza kwa penseli katika karatasi nyembamba, nikaigeuza kifudifudi juu ya ubao, nikaisugua ili mchoro uhamie ukiwa umegeuka. Chapa ya pili ilitoka sawa. Ndipo lilipokuja lile jaribu. Kisanduku kikiwa kitupu, ni rahisi kukijaza. Nilichukua kalamu nikawaza: mzee yule alidhulumiwa, mimi nina wino, kwa nini nisimtilie alama zile saba zilizobaki, ili walau katika nyumba ya wajukuu wake kipande chake kiwe kimetimia? Nilidhani ni tendo la heshima, na nilidhani mama atafurahi. Nilimweleza.

Mama alitikisa kichwa. “Usimfanyie marehemu kazi asiyoifanya,” alisema. “Ukizijaza zote, kila atakayeiona atasema alilipwa.”

Sikuwa na jibu. Mimi niliyemcheka Dürer kwa pembe ya begani, nilikuwa tayari kuchora pembe yangu. Na kwa kuwa ubao hautoi nakala moja ila nyingi, uongo wangu ungezaliana. Wema wa nia yangu haungeusahihisha. Haki ya babu ilikuwa katika vile visanduku saba vitupu, maana ndivyo pekee vilivyokuwa vikishuhudia kwamba alidhulumiwa. Nilitia alama 23, nikaiweka kalamu chini.

Nilitoa nakala tatu tu. Moja iko kwangu, moja ni ya watoto wangu, na moja ni ya mama. Nilipompa, hakusoma kitu. Alipitisha kiganja juu ya karatasi, polepole, kutoka upande hadi upande. Karatasi ya mkonge haiwi laini hata ipondwe vipi. Nyuzi zake hubaki zikikwaruza. “Ndivyo ulivyokuwa mkono wake,” alisema. Kisha aliikunja katika leso ile ile, akaagiza nimtafutie mkebe usioingiza unyevu.

Watu bado huniuliza faida ya uraibu wangu. Zamani nilijitetea kwa kusema kwamba hutuliza moyo na kuepusha uvivu, na maneno hayo ni kweli. Siku hizi huwaonyesha karatasi ile. Wengi huhesabu alama, wakifika 23 huuliza, “Na hizi nyingine?” Swali hilo likiulizwa, huvuta kiti nikaketi, nikawasimulia.