Majina ya Wapagazi

Niliajiriwa masjala, Dar es Salaam, nikiwa kijana, nitunze mafaili ya zamani. Wengi waliokuja kuyaomba walikuwa na kesi za viwanja. Wachache walikuwa wanatafuta makaburi, na hao ndio walioishika roho yangu mpaka nikastaafu.

Nilianzia makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo. Wapita njia hudhani ni bustani. Yalianzishwa mwaka 1968, makaburi 660 ya Ocean Road yalipohamishwa kupisha barabara mpya. Pale kila kitu kimepangwa: nyasi fupi, mistari iliyonyooka, jina, kikosi, tarehe ya kifo. Jiwe lililofifia nililisoma asubuhi, jua likiwa bado chini, kwa sababu mwanga wa ubavuni hujaza kivuli ndani ya herufi. Likigoma, nilililowesha kwa maji safi, kisha nikalimulika kwa kioo. Sikukubali mtu alisogelee na brashi ya waya wala tindikali. Vitu hivyo hula jiwe, na herufi ikishaliwa hairudi.

Lakini watu walioniletea maswali mazito hawakuwa na jiwe popote. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja huku kwetu. Makadirio ya waliokufa yanafikia karibu 95,000, na wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, si risasi. Walibeba mizigo kwenye mvua na matope ya Rufiji, wakala unga wa mahindi ambao haukuiva sawasawa. Vita vilipoisha, wakubwa wa serikali ya kikoloni waliona makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori, na majina yasichongwe. Badala yake zikasimamishwa sanamu Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Ile ya Askari iliyopo Barabara ya Samora, Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 1927. Ni sanamu nzuri, nami naipenda, ila haina jina hata moja la mpagazi. Askari wa Kizungu aliyekufa katika vita hivyo hivyo ana jiwe lake. Sijawahi kuona sababu ya kuliita jambo hilo kitu kingine zaidi ya dhuluma.

Kwa hiyo nilihamia kwenye madaftari: orodha za hospitali, za malipo, za wilaya. Mpagazi alikuwa namba kwanza, jina baadaye, na jina lenyewe liliandikwa na mtu asiyejua lugha ya mwenye jina. Hapo macho peke yake hayatoshi. Nilikuwa nalisoma kwa sauti, polepole, kisha nalirudia kwa lafudhi ya kule alikotoka mtu. "Makudi" likitamkwa Kiluguru linakuwa Mkude, na Mkude ana ukoo, na ukoo una kijiji.

Bibi mmoja alikuja kutoka Matombo, akiwa na mjukuu wake. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa na kuniangalia vizuri kabla ya kusema.

"Mwanangu, babu yangu walimchukua akabebe mizigo. Hakurudi. Sisi tulifanya matanga bila kaburi."

Alinipa jina la babu, la baba yake babu, na la jumbe wa wakati ule. Hilo la jumbe ndilo lililotuokoa, maana kwenye orodha majina mawili yalifanana, na aliyetoka kwa jumbe huyo alikuwa mmoja tu. Alifia hospitali ya Kilwa, mwaka 1917, kwa kuhara. Mahali alipozikwa hapakuandikwa.

Bibi aliweka kidole kwenye mstari ule, ingawa hakujua kusoma, akataka nimsomee tena. Kisha akauliza, "Na mshahara wake alipewa nani?"

Nilimweleza kama nilivyojua: mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia warithi, na serikali ya Uingereza ilibaki na fedha hizo.

"Basi liandike jina lake vizuri," akasema. "Hivyo walivyoandika sivyo alivyoitwa."

Nililiandika pembeni ya nakala, akinisahihisha herufi kwa herufi.

Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi. Nilikuwa nimeshastaafu. Nilitoa nakala zangu kabatini, nikaanza kuzipanga kwa vijiji, Matombo ikiwa ya kwanza.