Mistatili Niliyoichora Mwenyewe

Nilimwambia mkuu wa mradi kwamba chipu haitoshi, tununue yenye kasi zaidi. Haikuwa kweli. Chipu ilizidiwa kwa sababu yangu.

Tulikuwa tunaunda chujio la mawimbi ya redio ndani ya chipu ya Kintex-7, saa ikienda kwa megahezi 250. Kwa kasi hiyo ishara ina nanosekunde 4 tu za kutoka rejista moja hadi nyingine. Chujio lilichelewa kidogo sana. Badala ya kusoma ripoti ya njia iliyochelewa, nilifungua ramani ya chipu katika programu ya Vivado, nikachora mstatili, nikaamuru chujio likae humo. Niliamini kwamba vitu vikisogezwa karibu, nyaya zitakuwa fupi.

Mstatili ule ulikuwa na kimo cha kanda moja ya saa, na ndani yake zilipita safu mbili za vizidishi. Katika familia hiyo ya chipu, safu moja ina vizidishi 20 kwa kila kanda. Jumla 40, nami nilihitaji 36. Kwa hesabu vinatosha! Ila vizidishi havihami. Mahali pao pamepangwa tangu kiwandani. Rejista zote zinazovilisha zikabanana kandokando yao, nyaya zikakosa pa kupita, ishara zikazungushwa mbali. Ucheleweshaji ukaongezeka. Nami nikachora mstatili wa pili kwa ajili ya moduli nyingine, kisha wa tatu.

Tena mwongozo wa Vivado unaeleza wazi jambo ambalo sikujishughulisha kulisoma: mipaka ya mistatili hiyo huwazuia walio ndani wasitoke, lakini haiwazuii wa nje kuingia, wala haifungi nyaya, mpaka uamuru hivyo. Moduli jirani zilikuwa zimejipenyeza katika nafasi niliyodhani ni ya chujio peke yake.

Mwenzangu alifuta mistatili yote, akasoma njia iliyochelewa kuliko zote. Ilipita vijumlishi viwili mfululizo bila rejista katikati. Tukaweka rejista hapo, tukachelewesha na njia sambamba kwa mpigo mmoja wa saa, muda ukatosha. Nikarudi kwa mkuu wa mradi kufuta ombi langu.

Mipaka ina kazi yake, hasa kwenye chipu zilizounganishwa kwa vipande kadhaa vya silikoni. Lakini wewe unayeanza kazi hii, tafadhali: pitisha muundo wako kwanza bila mpaka wowote, na usome njia zilizochelewa kabla hujagusa ramani.