Kitaa cha Betri

Hapa Lunga Lunga mafundi husema balbu; ukivuka mpaka hadi Horohoro, utasikia globu. Katika gari kuukuu alilotuachia marehemu baba, zilikuwa zimeungua kadhaa. Zile za kuangazia kipimamwendo zilipozimika, tulisafiri usiku hadi Msambweni kwa kukisia mwendo. Hilo lilivumilika. Kitaa chekundu cha betri ni jambo jingine: katika magari mengi ya zamani, umeme unaokipitia ndio unaoiamsha altaneta. Kikiungua, altaneta huenda isichaji, na dereva hapati onyo lolote.

Kwa hiyo, baada ya kuchomoa waya wa betri na kuifungua dashibodi, nilianza na hicho. Nilizungusha kishikio chake cha plastiki kidogo, kikatoka. Taa ya LED sikuitaka mahali pale, kwa kuwa huweza kupitisha umeme kidogo mno. Nikatia balbu ya volti 12, ya wati zile zile. Mama, aliyekuwa akinimulikia kwa tochi, aliuliza mbona natangulia kukishughulikia kitaa kisichowaka garini likiwa safarini. Nikarudisha waya, nikazungusha ufunguo: kikawaka. Injini iliponguruma, kikazimika.