Usitafute mbali: picha iko mlangoni pako

Ukimwomba kijana wa Lubumbashi, wa Likasi ao wa Kolwezi achore picha, mara nyingi atachora nini? Atachora nyumba yenye theluji juu ya paa, kama ile ya kalenda ya mwaka jana. Ao atachora mnazi kando ya bahari, na bahari yenyewe hajaiona hata siku moja. Ukimwuliza sababu gani, atakujibu: « Huku kwetu kuko nini ya kuchora? Iko vumbi tu! »

Watu wanacheka kwa jibu hilo, lakini liko na uzito. Mtu anayeamini kama kwao hakuna kitu cha kutazama, hatajua siku ile kitu kinapoondoka. Na hapa kwetu Katanga vitu vinaondoka mbio. Kichuguu kinavunjwa ili kufanya matofali. Mti unakatwa ili kufanya makala. Mgodi unafunguliwa, na kijiji kinahama. Nani atawaonyesha wajukuu namna palivyokuwa?

Mwezi huu, chukua kaye yako ya shule na krayo moja, tutembee pamoja. Lakini kwanza tusikie habari za wale waliotutangulia katika kazi hii, maana si Ulaya walikotoka. Walikuwa watu wa njia hizi zetu.

Ukuta wa nyumba kule Bukama

Unapajua Bukama, pale reli inapovuka mto Lualaba. Katika mwaka 1926 mkubwa mmoja wa serikali ya Wabelgiji, Georges Thiry, aliona pale nyumba zilizochorwa ukutani. Mwenye kuchora aliitwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za tembo. Hakuwa na duka la rangi. Ukutani rangi ilitoka chini ya miguu na ndani ya moto: pemba nyeupe, udongo mwekundu, makala meusi. Alichora wanyama, miti na watu, vitu vya pale pale.

Thiry aliona kama mvua itaosha kuta zile na kazi yote itapotea. Akamletea Lubaki karatasi na rangi za maji. Mama Antoinette, bibi yake Lubaki, naye alichora. Katika mwaka 1929 karatasi za Bukama zilionyeshwa Bruxelles. Mvua ilikwisha kuharibu kuta zile zamani sana, lakini karatasi ziko hata leo.

Fahamu vizuri jambo hili, kijana. Kitu kilichovuka bahari hakikuwa picha ya theluji. Kilikuwa mnyama wa Bukama.

Walimu watatu, macho matatu

Kiisha vita kubwa, katika mwaka 1946, Mfaransa mmoja aliyekuwa zamani mwanajeshi wa majini, Pierre Romain-Desfossés, alifungua nyumba ya kuchorea pale Elisabethville, mji tunaoita leo Lubumbashi. Watu waliiita Hangar. Alikuwa na sheria moja kubwa: hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Kila mmoja alipaswa kutazama na kukumbuka vya kwake, na kutafuta mkono wake mwenyewe.

Ona matunda yake. Pilipili Mulongoy alichora ndege wanaolisha watoto wao, samaki, nyoka, majani. Hakuacha nafasi tupu: alijaza picha yote kwa vidoto vidogo na majani, kama vile pori letu linavyojaa kiisha mvua. Mwenze Kibwanga alijenga picha yote kwa mistari mifupi mifupi, moja kando ya ingine, mpaka mwindaji na mnyama wanatokea ndani yake. Naye Bela alitia ncha za vidole katika rangi, akachora kwa vidole tu, bila burushi.

Walikaa katika nyumba moja, chini ya paa moja, na picha zao hazifanani. Kwa hiyo usiogope kuchora mti ambao mwenzako amekwisha kuuchora. Macho yako si macho yake.

Romain-Desfossés alikufa katika mwaka 1954. Kazi yake ikaingia katika shule ya sanaa ambayo Laurent Moonens aliianzisha katika mji ule ule mwaka 1951, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu. Katika mwaka 2015 picha zao zilionyeshwa Paris, pamoja na karatasi za Lubaki. Watu walisimama mbele ya ndege wa Katanga na kushangaa. Sisi tunawafukuza ndege wale na manati.

« Ni ya ukumbusho »

Wazee wetu wa kambi za Gécamines wanakumbuka picha zilizotundikwa ukutani katika miaka ya 1970: mamba muntu, treni, mfungwa anayepigwa fimbo wakati wa Wabelgiji. Ziliuzwa mlango kwa mlango, nazo zilichorwa juu ya nguo ya mifuko ya unga, iliyonyoshwa juu ya mbao. Ukimwuliza mwenye nyumba: « Baba, hii picha ni ya nini? », alijibu: « Ni ya ukumbusho. »

Mmoja wa wachoraji wale alikuwa Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Katika miaka 1973 na 1974 alichora historia yote ya inchi yetu, picha karibu mia moja, akamweleza mwalimu Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili hiki hiki chetu cha Shaba. Maelezo yale yametiwa ndani ya kitabu kilichotoka mwaka 1996, na picha zenyewe zinalindwa Amsterdam.

Tshibumba mwenyewe? Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna aliyepata habari zake. Aliishi maisha ya taabu, akapotea kama watu wengi wa wakati ule. Lakini leo mtu akitaka kujua namna gani mtu wa kawaida wa Shaba aliwaza juu ya ukoloni, juu ya Lumumba, juu ya vita vya Katanga, anaenda kutazama mifuko ile ya unga. Hiyo ndiyo faida ya kuchora vitu vya karibu. Jamaa nyingi zimeuza ao kutupa picha zile. Kama kwenu ingali iko moja nyuma ya kabati, mzazi, usiitupe.

Sasa tutoke nje

Tuanze asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Kwa nini mapema? Kwa sababu jua likiwa chini, kila kitu kiko na kivuli kirefu, na kivuli ndicho kinachokuonyesha umbo. Saa sita mchana kila kitu kinakuwa bapa kama sahani.

Kwanza, tazama ile chemine kubwa ya Lubumbashi, inayopita mita 150 kwa urefu. Kando yake kiko kilima cheusi. Ni mabaki ya shaba iliyoyeyushwa pale tangu mwaka 1911: jasho la mababu zetu limekuwa mlima. Lakini usiseme kama mlima hauhami. Tangu miaka ya 2000 mabaki yale yanachimbwa tena ili kutoa kobalti. Aliyekichora kilima kile miaka makumi mbili iliyopita hakuchora umbo unaloliona leo. Chora kutoka barabara ya mbali. Usikaribie mlango wa kampuni na kaye mkononi, na usichore kambi ya askari. Kujilinda nako ni kazi.

Pili, barabara za makala. Kila asubuhi wanaume wanaingia mjini na kinga zilizobeba mifuko ya makala, mpaka kinga yenyewe haionekani tena. Tazama namna gani mtu anavyoinama mbele, mkono mmoja juu ya gidoni, mwingine unasukuma mzigo. Ukichora mgongo ule vizuri, umesema habari ya jamaa inayotafuta chakula, na habari ya pori linalokwisha, yote mawili katika picha moja.

Tatu, soko. Mama ameketi, mbele yake mafungu ya nyanya, vinkubala, na uyoga wakati wa mvua. Omba ruhusa kwanza: « Mama, jambo. Naweza kukuchora kidogo? » Wengi watacheka na kukubali. Kiisha, umwonyeshe karatasi. Akikataa, mshukuru na uende. Sura ya mtu si matunda ya njiani.

Ine, miti ya jakaranda kando ya avenyu, inayotoa maua mbele ya mvua, mpaka chini panakuwa rangi moja na juu. Tano, pembeni ya mji, kichuguu kirefu kama nyumba. Na juu ya udongo wenye shaba, tafuta yale maua madogo ambayo watalamu wanayaita maua ya shaba. Yanaota mahali ambapo mimea mingine inashindwa kwa sababu ya sumu ya shaba, na tangu zamani watafutaji wa madini waliyafuata ili kujua mahali pa kuchimba. Mgodi ukifunguliwa, ua ndilo la kwanza kuondolewa. Mchore mbele ya siku ile.

Namna ya kufanya kila siku

Wengine watasema: « Mimi sina zawadi ya kuchora. » Bwana, ni kazi ya mkono kama kushona ao kupika bukari. Mkono unafundishwa.

Moja: chagua saa moja isiyobadilika na uchore dakika kumi na tano tu. Dakika kumi na tano kila siku zinapita masaa matatu ya siku ya posho yaliyosahauliwa wiki ine.

Mbili: anza na vitu visivyotembea. Mbabula, ndoo, kiatu cha baba, fagio. Kiisha kuku, kiisha watu.

Tatu: chora kile unachokiona, si kile unachokijua. Unajua kama ndoo ni ya mviringo, lakini ukisimama mbali mdomo wake unakuwa kama yai. Mkono unapenda kufuata akili. Uulazimishe kufuata macho.

Ine: pima. Nyoosha mkono, shika krayo wima, funga jicho moja. Angalia: mlango unaingia mara ngapi katika urefu wa nyumba? Hivyo picha haitapinda.

Tano: usifute sana. Mstari mbaya uuache, chora mwingine kando. Kiisha mwezi mmoja utaona njia uliyopita.

Sita: chini ya kila picha andika tarehe na mahali. Bila tarehe ni mapambo. Na tarehe, inakuwa ukumbusho.

Hauna franka ya krayo? Kipande cha kala kutoka mbabula kinaandika vizuri juu ya karatasi ya mfuko wa simenti. Lubaki naye alianza na makala. Ukimaliza, usipanguse kwa vidole. Lala nayo karatasi mahali pakavu, katikati ya karatasi zingine, mvua isiifikie.

Neno kwa wazazi

Baba, mama, mtoto akiketi na kutazama kuku nusu saa, usiseme mara moja kama ni mvivu. Mutume kwa maji, ndiyo, kazi ya nyumba ni kazi. Lakini umwachie na dakika zake kumi na tano. Si kila mtoto anayechora atakula kwa mapicha. Wachoraji wetu wengi walikuwa na kazi ingine mkononi. Lakini mtoto aliyezoea kutazama ataona mapema ufa katika ukuta, ugonjwa katika shamba la mihindi, huzuni katika sura ya ndugu yake. Macho yale hayapotei bure.

Tuzungumze nyumbani

1. Katika kartiye yetu, ni kitu gani kilichokuwa hapa wakati wazazi walipofika, na leo hakiko tena? Nani anaweza kukichora kwa ukumbusho, mzee akieleza?

2. Ni kitu gani kilicho hapa leo ambacho labda hakitakuwa kiisha miaka kumi?

3. Nani wa nyumba hii atakichora kesho asubuhi?