Chupa ya maji iliyokuwa na hadina

Kwa miaka minne nimeandika habari za watoto waliokunywa mafuta ya taa kutoka chupa za soda. Nimewahoji madaktari, nimeketi na akina mama wakilia kwenye benchi za hospitali. Mwezi wa nane, nikiwa likizo kwa wazazi wangu Kilifi, nusura niwe mmoja wao.

Baba ni fundi wa boti za faiba. Siku hizi hutengeneza pia samaki wa ukutani. Wavuvi wa kitalii wengi wa Watamu na Malindi wakinasa sulisuli humpima, humpiga picha, kisha humwachia arudi baharini. Anayetundikwa sebuleni ni wa faiba. Nilimwomba Baba anifundishe.

Tulianza na kolekole wa kilo 3. Unamsugua kwa siki utelezi wote utoke, maana plasta hunakili kila kitu, hata uchafu. Unamlaza ubavu kwenye mchanga uliolowa, azame nusu, mapezi yakiwa yametandazwa na kuegemezwa vipande vya katoni. Unamwagia plasta, inapata joto, inaganda. Unamgeuza, unapaka mafuta ukingoni ili vipande visishikane, unamwaga nusu ya pili. Ukivitenganisha, kila gamba limejichora ndani. Mama hakufurahi: kolekole mzima, hakuliwa hata mkia!

Kalupu ilikauka juani siku kadhaa, tukaipaka nta. Ikawa zamu ya rezini. Kilo 1 ya rezini huchanganywa na gramu 10 hadi 20 tu za hadina. Ukizidisha, inaganda mkononi. Kibuyu cha hadina cha Baba kilikuwa kizito, kinamwaga ovyo. Nikajiona mwerevu. Nikamimina kiasi kwenye chupa ya maji ya nusu lita, nikaiweka mezani.

Hadina ile haina rangi. Ukiitazama ni maji matupu. Ikiingia jichoni inaweza kupofusha, ikimezwa inaunguza koo na tumbo.

Mwanangu ana miaka minne. Aliingia kutoka kucheza mpira, jasho linamtoka. Nilikuwa nimeinama, nabandika mkeka wa faiba kwa brashi, barakoa usoni. Nilipoinua macho kifuniko kilikuwa chini na chupa iko karibu na midomo yake. Nilipiga kelele, sauti ikaishia ndani ya barakoa. Baba ndiye aliyeipiga ile chupa kwa kiganja.

Ilimrukia kidevuni na shavuni. Tulimvua shati, tukamweka chini ya mfereji dakika 20, yeye akipiga mayowe. Kisha bodaboda hadi hospitalini, nimekishika kibuyu chenye lebo ili daktari aone ni kemikali gani. Alimkagua macho, mdomo na koo. Hakuwa amemeza. Ngozi ya kidevu ilikuwa nyekundu na baadaye ikabambuka.

Tuliporudi, rezini niliyoiacha kwenye kopo ilikuwa imechemka yenyewe, ikafuka moshi na kulikunja kopo lote. Baba alilitupa. Hakunigombeza. Jioni, wakati wa chai, ndipo aliposema: "Mwanangu, mimi shule sikufika mbali. Lakini hadina hukaa kwenye chupa yake."

Sikujibu. Ningejibu nini? Sentensi hiyo hiyo, ukiondoa hadina ukaweka mafuta ya taa, nimeichapisha gazetini si mara moja.

Mhariri wangu anaipata habari hii leo, pamoja nawe msomaji.

Desemba tulirudi. Kibuyu sasa kina kufuli kwenye sanduku la zana, na Baba amefunga kamba kutoka mwembe hadi nguzo ya banda. Mtoto haruki upande wa pili. Kolekole wangu ametoka, mshono wa mgongoni unaonekana kidogo, jicho bado sijalipaka. Mwanangu anakaa nyuma ya kamba na kikombe chake, na kila baada ya muda anauliza kama samaki amekauka.